Salamu Juu ya Mkanda Unaotembea

Mama yangu hakubali kuonyesha shamba kwa kidole. Ukisimama naye ukingoni, pale Kitandililo, ukamwomba akuelekeze mahali mpaka wa kinyungu chake unapopita, atakutazama kana kwamba umemwomba akutafunie chakula. "Mpaka unakanyagwa," husema. "Usipoukanyaga wewe na mimi, siku nitakapoondoka utaonyeshwa na majirani. Na majirani watakuonyesha mpaka wao."

Kinyungu ni bustani ya bondeni, ile tunayoilima wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka, kwa sababu kule chini unyevu haukatiki. Cha mama kiko chini kabisa, kando ya kijito, na njia ya kukifikia ni mteremko ambao hata mbuzi huushuka kiubavu. Kaka zangu wanaishi mbali na hawana hamu ya matope. Mama amenichagua mimi. Macho yake yana ugonjwa ambao, tuliambiwa hospitali, dawa huuchelewesha tu, haziuponyi. Kila msimu ukungu unasogea kutoka pembeni kuelekea katikati. Kwa hiyo haja yake ilikuwa moja nayo ilikuwa wazi: nishuke naye, tuukanyage mpaka wote, na nirudi juu kwa miguu yangu, wakati yeye angali anaona.

Mwaka juzi nilishuka. Kushuka hakukunipa taabu. Uzito wangu ulinitangulia kama mwenyeji anayeijua njia. Taabu ilikuwa kurudi. Tulikuwa tumekanyaga upande mmoja tu niliposema inatosha, na katikati ya mteremko pumzi ikanikatika, goti la kulia likakataa kunyooka, nikakaa chini kwenye nyasi na gauni langu la kanisani. Watoto wa mjomba wakaitwa. Mmoja alinivuta mikono, wengine wakanisukuma mgongoni kama gari lililoishiwa betri, huku mama akitembea kando na kuwasihi wasinichanie gauni. Tulipofika juu, mmoja wao alisema, bila ubaya wowote:

"Dada, mwakani utushtue mapema, tukodi trekta."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Mama peke yake hakucheka.

Nimesoma chuo, nimefanya kazi ya ofisini Njombe mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilidhani kwamba mtu mwenye elimu akishaambiwa afanye jambo kwa faida ya afya yake, atalielewa. Daktari aliniambia nipunguze uzito lakini nisiyaumize magoti. Nitembee sana, lakini nisichoke. Nitokwe jasho, lakini shinikizo la damu lisipande. Mtaalamu wa viungo, chumba cha pili, aliongeza kwamba wakati wa mazoezi niwe na uwezo wa kuzungumza: nikishindwa kumaliza sentensi, nipunguze mwendo. Niliyashika maneno hayo yote, na nilipofika stendi niligundua kwamba sikujua la kufanya kesho yake asubuhi.

Nilianza na barabara. Siku hizi ninaishi na kufanya kazi Makambako, na asubuhi za kule, hasa kuanzia mwezi wa sita, zina baridi inayopenya sweta kama haioni. Nilivaa raba, nikatoka. Sikufika mbali. Mwanamke wa umri wangu na umbo langu akionekana anatembea upesi alfajiri, mikono mitupu, watu hawafikirii mazoezi, wanafikiria msiba. Jirani wa kwanza alisimama na ndoo yake. "Mama, kuna nini huko? Nani?" Nilipomweleza kwamba hakuna aliyefariki, hakuniamini kabisa, alidhani namficha. Wa pili alikwishavua aproni, tayari kufuatana nami. Waendesha bodaboda walinisindikiza kwa zamu, wakipunguza mwendo kando yangu: "Mama, panda, utachelewa." Nilikuwa sichelewi popote. Baada ya siku chache za kuwaeleza watu kwamba wote ni wazima, niliona ni heri nitembee ndani.

Jimu ile ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na njia panda. Mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyewahi kucheza netiboli kwa miaka mingi, mrefu, mwenye sauti ya uwanjani hata anaponong'ona. Mlangoni nilivua raba zangu na kuziweka pembeni, kwa kuwa sakafu ilikuwa imetandikwa zulia la mpira na ilikuwa safi, na mimi siingii kwenye zulia la mtu na viatu. Alinitazama miguu.

"Mama, humu viatu ndiyo vinavaliwa."

"Kwenye zulia?"

"Kwenye zulia."

Nilizivaa tena, nikiwa na hisia kwamba nimeanza vibaya, ingawa sikuona kosa langu liko wapi.

Palikuwa na mashine mbili za kutembelea, zenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, ndogo na kubwa. Mwalimu alinielekeza kwenye ile ndogo kwa kuwa, alisema, ni ya wanaoanza. Kwa bahati nina tabia ya kusoma kila kilichobandikwa mahali popote, tabia ya ofisini. Mbele, chini ya kioo chenye namba, palikuwa na kibandiko kilichotaja uzito wa mwisho ambao mashine ile inaweza kuubeba. Uzito huo ulikuwa pungufu ya wangu. Nilimwonyesha. Aliinama, akasoma, akasoma tena.

"Sijawahi kukiona hicho," alisema, na nilimpenda kwa kusema kweli. Kisha akacheka. "Aliyekiandika hajawahi kufika Njombe."

Tulikwenda kwenye ile kubwa, na hapo tukakitafuta kibandiko pamoja kama watu waliodondosha pete. Kilikuwa nyuma. Hiyo ilinibeba, na ikabaki nafasi kidogo. Tangu siku ile, kila mwanamke mwenye mwili kama wangu akiniuliza aanzie wapi, jibu langu la kwanza ni hilo: kabla hujapanda, uliza mashine inabeba kiasi gani, na usione haya kuuliza. Mkanda uliozidiwa uzito husitasita, na mkanda ukisitasita, miguu nayo hupotea.

Mwalimu alinionyesha mengine. Nisipande juu ya mkanda wenyewe kabla haujaanza. Nikanyage mbao za pembeni, mkanda uanze polepole, ndipo niushukie. Niache kilima kwanza, tambarare inatosha. Na palikuwa na kamba nyekundu, upande mmoja ina kibanio, upande wa pili imechomekwa kwenye mashine. Kibanio ni cha kubana kwenye nguo. Ukiteleza ukaenda nyuma, kamba inachomoka na mashine inazima. Hilo nililielewa. Lakini juu ya trakisuti nilikuwa nimejifunga kanga, maana suruali peke yake, kwa umbo langu, mbele za watu, ilikuwa imenishinda. Na kila nilipokibana kibanio kwenye kanga, kanga ilivutwa ikalegea. Nikiirekebisha, kibanio kinachomoka na mashine inasimama ghafla na kulia. Baada ya aibu hiyo kujirudia, nilikibana kwenye mkono wa mashine yenyewe, kisinisumbue. Mwalimu hakuona. Au aliona akadhani najua nifanyacho, kwa kuwa nilikuwa namzidi umri.

Sijui kama ninaweza kueleza vizuri ule mchanganyiko wa mawazo wa wiki za kwanza. Nilikuwa natembea, na dirisha lilikuwa palepale. Lori la mbao lililosimama ng'ambo ya barabara lilikuwa palepale, dereva wake anakunywa chai palepale. Mwili uliamini kwamba unakwenda, macho yalikataa. Nilizishika nguzo za kushikia za mbele kwa nguvu hivi kwamba jioni mabega ndiyo yaliyouma, si miguu. Mashine ilinihesabia umbali ambao najua sikuutembea, kwa sababu nusu ya mwili wangu ilikuwa imening'inia mikononi. Siku ya kwanza niliposhuka, sakafu ilinikimbia. Nilisimama imara, najua nilisimama, lakini zulia lilikuwa likiteleza kwenda mbele kama maji, na nikamshika mwalimu bega.

"Ni kawaida hiyo, mama. Ubongo bado unatembea."

"Unaelekea wapi?"

Alifikiri. "Hilo sijawahi kuulizwa."

Mama naye aliniuliza hivyohivyo kwa simu nilipomweleza. "Mnatembea ndani ya nyumba? Mnaelekea wapi?" Nilimwambia hatuelekei popote, tunajiandaa kwa ajili ya njia ya kinyungu. "Basi njia ipo huku," alisema, "na wewe uko huko." Nilikuwa na maelezo, ambayo si sawa na jibu.

Polepole, hata hivyo, mwili ulianza kukubaliana na jambo nisilolielewa. Nilijifunza kuziachia nguzo, nikizigusa tu kwa vidole. Nilijipima kwa kipimo cha mtaalamu wa viungo: nilikuwa nasema sala ya Baba Yetu kwa sauti ndogo, na nilipofika mwisho bila kukatika pumzi, nilijua mwendo ni wa haki. Mwalimu alidhani naomba nisife. Hakukosea sana.

Ndipo akaja mkwe.

Huyu ni baba wa kijana aliyemwoa binti yangu wa kwanza, mzee wa kanisa, mkulima wa viazi wa upande wa Mahongole, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ananizidi umri. Mimi na yeye, tangu siku ya mahari, tumekutana katika nguo rasmi tu: harusini, ubatizoni, misibani. Namna tulivyolelewa, wakwe hawakai karibu, hawatazamani sana, na salamu yao ina utaratibu wake. Mlango wa jimu ulifunguka, baridi ikaingia kwanza, kisha akaingia yeye, amevaa koti zito na kofia ya sufu, na raba mpya nyeupe zilizokuwa hazijawahi kukanyaga udongo. Alinikuta niko juu ya mkanda, natokwa na jasho, mdomo wangu umefika kwenye "utupe leo riziki yetu."

Alishtuka. Lakini alikuwa amekwisha kuniona, na mtu muungwana aliyekwisha kuona hawezi kujifanya hajaona. Akavua kofia.

"Kamwene, mkwe."

Kwa mtu wa kwetu, salamu ya mkwe haijibiwi ukiwa katika mwendo. Kama una mzigo, unautua. Kama unatembea, unasimama. Unakunja magoti kidogo, unainamisha macho, ndipo unajibu. Hili sikulijifunza, nililikuta mwilini kama nilivyolikuta jina langu. Sikufikiri. Nilisimama, nikakunja magoti, nikainamisha macho.

Mashine haikusimama.

Nakumbuka nikiona raba zangu zikirudi nyuma pamoja, kwa adabu, kana kwamba zinaondoka kikaoni. Mikono iliyotakiwa kushika nguzo ilikuwa imekutana kifuani kwa ajili ya heshima. Goti la kulia lilitua kwenye mkanda, mkanda ukalisugua, na nilipelekwa hadi mwisho, nikashushwa kwenye zulia, kati ya mashine na ukuta. Kanga ilibaki nyuma yangu, imeumwa na mkanda, inazunguka na kupiga kelele. Kamba nyekundu ilikuwa mahali nilipoibana, kwenye mkono wa mashine, salama kabisa.

Mwalimu aliruka na kuichomoa. Mkanda ukasimama.

Mkwe alikuwa amefanya alichopaswa kufanya: aligeuka upesi na kunipa mgongo, ili asimwone mkwewe chini bila kanga. Lakini ukuta alioutazama ulikuwa wa vioo kutoka kona hadi kona, na humo alinikuta tena, mzima mzima, na zaidi ya mara moja. Akafumba macho.

"Mkwe," alisema, amefumba, "umeumia?"

"Hapana, mkwe," nilijibu kutoka chini. Kisha, kwa kuwa ilikuwa bado haijajibiwa: "Kamwene."

"Kamwene sana. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Wajukuu?"

"Wazima. Yule mdogo ameanza kutembea."

"Jamani!" mwalimu alipaza ile sauti yake ya uwanjani. "Wajukuu watasubiri! Mama, goti linakunjika?"

Lilikunjika, kwa maumivu. Alijaribu kuninyanyua kwa kunishika kwapa na wote wawili tukarudi chini. Mkwe alisikia. Alikuwa na nguvu za kunisaidia, mtu wa viazi, anayebeba magunia. Na alikuwa ndiye mtu pekee katika Makambako nzima asiyeweza kunigusa. Alivua koti lake, akalirusha nyuma bila kugeuka, nikajifunika. Kisha, bado amefumba macho, alipapasa hadi akapata benchi fupi la mazoezi na kulisukuma kwa mguu, kinyumenyume, likanifikia. Kwa benchi hilo ndivyo nilivyoinuka: niligeuka kwanza nikawa magotini, goti zuri likitangulia, viganja vyote viwili juu ya benchi, mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili. Ni njia nzuri. Nimeitumia tangu hapo hata nyumbani.

"Nilikuja kuuliza tu," mkwe aliuambia ukuta. "Kliniki wameniambia habari za presha. Nitarudi siku nyingine." Akaondoka bila koti, kwenye baridi ile.

Nilikaa nyumbani goti likiwa limevimba, na jambo lililonisumbua halikuwa maumivu. Nilikuwa nalirudia tukio lile kichwani na nilikuwa siwezi kuliweka kosa mahali pake. Nilikuwa nimefanya kila nilichofundishwa tangu utoto, na nilikuwa nimekifanya vizuri. Mkwe naye alifanya vizuri. Hata mashine, kwa haki yake, ilifanya iliyotengenezewa. Kamba, ndiyo, ile kamba ni kosa langu, na nalikubali. Lakini kamba ingezuia mashine tu. Isingenieleza nisimame au nisisimame.

Mama alipiga simu. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia, sijui kwa njia gani.

"Ulianguka ukifanya nini?"

"Nilikuwa namsalimia mkwe."

"Salamu haijawahi kumwangusha mtu."

"Mama, chini palikuwa panatembea."

"Chini?"

"Ndiyo, mama. Chini penyewe."

Kisha alisema, kwa sauti ya chini ambayo huitumia akiwa ameamua jambo, "Nyasi za bondeni tunakata msimu ujao. Mwaka huu jiwe la mpaka la pembe ya juu sikuliona vizuri. Nililipapasa." Hakunihimiza. Hakika ingekuwa nafuu kama angenihimiza.

Goti lilipopoa nilirudi. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba kwenye ngazi nilisimama kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Mwalimu alikuwa amefikiri sana siku zile, na aliniambia wazi kwamba hakuwahi kuwa na mwanafunzi wa uzito wangu na kwamba alikuwa akikisia. Sasa tukakisia pamoja, kwa uangalifu zaidi. Alinihamishia kwenye baiskeli ya kukalia yenye egemeo la mgongo, ambayo kiti chake ni kipana na goti halibebi mwili. Huko nilianzia kila siku hadi mwili upate moto. Kisha mkanda, mwendo wa chini, tambarare. Kanga niliiacha nyumbani. Nilishonewa blauzi ndefu ya kitenge inayofika magotini, isiyo na cha kuning'inia, na kibanio chekundu nilikibana kwenye ukosi wake kila siku, na kabla ya kuanza nilikivuta makusudi nione kama mashine inazima. Ilizima. Niliipenda sauti ile iliyoniaibisha mwanzoni.

Mkwe pia alirudi. Nilikuwa nimempelekea koti kupitia kwa binti yangu, limefuliwa na kupigwa pasi. Alisimama nje ya mlango, nikamsikia akikohoa kikohozi cha kubisha hodi. Nilipunguza mwendo, nikasimamisha mkanda, nikashuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikakunja magoti juu ya sakafu isiyokwenda popote. Tulisalimiana kikamilifu, hadi habari za ng'ombe. Kisha alisema, akitazama raba zake:

"Mkwe, nimewaza. Kanisani mtu akiwa amepiga magoti anasali, humsalimii. Humwoni. Si kwamba unamdharau."

"Ni kweli."

"Basi na huku iwe hivyo. Mtu akiwa juu ya mkanda, hayupo."

Tulikubaliana. Naye akapanda ile ndogo, yenye kubeba uzito wa watu kama yeye, na mimi nikapanda kubwa, na kwa miezi iliyofuata tulitembea bega kwa bega, kila mmoja akiwa hayupo. Ni jambo la ajabu kutembea kando ya mtu asiyekuwepo ambaye unamsikia akihema. Siku moja alijikwaa, nikaona kwa pembe ya jicho, na sikujua kama ninaruhusiwa kumwambia pole. Nilimwambia tuliposhuka.

Mizani haikunipa nilichotarajia. Namba ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka. Ofisini mmoja aliona nimepungua uso akaniuliza kwa kunong'ona kama nimepima. Mwingine, juma lilelile, akanisifu kwamba nimenawiri. Sikujua nimwamini nani. Lakini sala ilibadilika. Sasa nilikuwa namaliza Baba Yetu na kuendelea na Nasadiki, nzima, pumzi ikiwa nami.

Asubuhi tuliyoshuka, ukungu ulikuwa umelala bondeni hata kinyungu hakikuonekana. Mama alivaa gambuti zake na kushika fimbo. Watoto wa mjomba walikuwa wamekaa ukingoni, kwa heshima na kwa matumaini. "Trekta liko tayari, dada," alisema yuleyule wa mwaka juzi. Nilimwambia alizime, asimalize mafuta.

Tulikwenda polepole, miguu kiubavu kama mbuzi. Chini, mama alinishika mkono, na sikujua nani anamwongoza nani, kwa kuwa yeye alijua mahali na mimi nilikuwa na macho. Tulianza na mpeasi wa zamani, tukafuata mfereji hadi kwenye mianzi ya kugema pombe ya ulanzi ambayo babu aliipanda, tukavuka, tukapanda na kijito. Kwenye kila pembe alinisimamisha, akanifanya nikanyage kwa mguu mzima, na yeye akakanyaga juu ya alama ya raba yangu. Jiwe la pembe ya juu mimi ndiye niliyeliona. Alilipapasa, akatikisa kichwa, akanisogeza hatua moja upande. "Hili ni la jirani," alisema. "Letu ni hili." Lilikuwa limefunikwa na majani. Nililikanyaga.

Kisha tukageuka kuutazama mlima.

Nilianza vizuri. Nilisema sala yangu moyoni na miguu ikanitii. Lakini mteremko si mkanda. Hauna kitufe, na kila hatua ilikuwa na umbo lake. Karibu na mahali nilipokaa mwaka juzi, nilifika "kama tunavyowasamehe" na maneno yakakatika. Goti likaanza kuongea. Nilijua nikikaa sitainuka, na benchi halikuwapo. Nikapeleka mkono ukosini kutafuta kibanio. Hapakuwa na kibanio.

Mama, aliyekuwa mbele, alisimama. Aligeuka na kunitazama kwa macho yale yasiyoona pembeni. Njiani hapakuwa na mtu mwingine yeyote. Ukungu tu, na sisi wawili tuliokuwa pamoja tangu alfajiri. Akaiegemeza fimbo kifuani, akakunjua shuka lake na kujifunga upya, kama mtu anayekutana na mgeni.

"Kamwene, mwanangu," alisema.

Nilisimama. Nilikunja magoti kidogo, nikainamisha macho. Udongo ulitulia chini yangu.

"Kamwene, mama."

"Habari za kwako?"

"Njema. Za kwako?"

"Njema. Watoto?"

Nilimweleza habari za watoto wote, mmoja mmoja, na wajukuu, na kazi, na hali ya baridi Makambako. Aliuliza habari za mkwe, nikamweleza. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, hadi nikaweza kumaliza sentensi. Ndipo nilipogundua kwamba kifua chake nacho kilikuwa kikipanda na kushuka upesi chini ya lile shuka. Sikujua ni nani aliyekuwa akimpumzisha mwenzake, wala kama mwaka juzi nilikuwa peke yangu katika kushindwa.

Tulipanda tena hatua chache. Kisha nikasimama mimi.

"Kamwene, mama," nilisema.

Naye akasimama, akajibu.